Siku ya 30 Mwezi wa Sita: Tuwarudishie Watoto Sherehe Yao

Kila mwaka, siku ya 30 ya mwezi wa sita inapokaribia, mji wetu wa Lubumbashi unaanza kujipanga. Masomo yanachagua watoto wa kupita kwenye defile. Akina mama wa katiye wanashona kikwembe cha namna moja. Wenye nganda wanajaza bia. Wakubwa wanatengeneza hotuba. Lakini ukiuliza swali moja tu, "Na watoto watafanya nini siku ile?", jibu linakuja fupi sana: "Batoto batapita ku defile, kisha batarudia ku nyumba." Basi, habari imekwisha.

Mimi nasema hapana. Sherehe ya uhuru ambayo mtoto hana nafasi ndani yake, isipokuwa kusimama na kupunga mkono, ni sherehe iliyopotea njia. Tena nasema kwamba tunaweza kuwapatia watoto wetu siku nzuri, yenye furaha, isiyo na gharama kubwa na isiyoacha parsele imejaa takataka. Wazee wetu walituachia karibu kila kitu kinachohitajika, lakini sisi tunakidharau na kukimbilia vitu vya duka. Haya ndiyo nitakayoonyesha katika kurasa hizi.

1. Defile siyo desturi ya mababu

Wengine watasema: "Mwalimu, defile njo desturi yetu. Unataka kuharibu desturi?" Ndugu msomaji, tuangalie historia bila hasira. Mwaka wa 1955, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipotembelea Kongo, umati wa watu ulisimama kando ya barabara kumshangilia, na watoto wa masomo walikuwa kati yao. Nyuma ya uhuru, wakati wa chama kimoja cha MPR, kulikuja ile "animasio politiki": wanafunzi na wafanyakazi wakicheza na kuimba sifa za kiongozi, wapende wasipende. Kwa hiyo kumpanga mtoto barabarani mbele ya mkubwa ni urithi wa koloni na wa chama. Siyo urithi wa kijiji.

Hapo kuna jambo la kushangaza. Siku tunayokumbuka kwamba tulijitoa chini ya mkoloni, mtoto wetu anafanya kazi ile ile ambayo babu yake aliifanya juu ya mfalme wa wakoloni. Anaamka saa kumi na moja ya asubuhi. Mwezi wa sita kwetu Katanga ni baridi kali, na mtoto amevaa shati jeupe jembamba kwa sababu uniforme haikubali koti. Anasimama masaa mengi akingoja wakubwa wafike. Jua linapanda, tumbo linalia. Halafu anapita mbele ya tribini, pengine dakika moja. Kiisha anatafuta njia ya kurudi nyumbani, mara nyingi kwa miguu.

Sisemi defile ifutwe. Inchi nyingi zina defile, na kijana wa sekondari anayepiga fanfari ana haki ya kujivunia. Ninalokataa ni mambo mawili: kuwaweka watoto wadogo wa shule ya msingi katika mateso yale, na kuita mateso yale "sherehe ya watoto".

Tena defile yenyewe haina uhakika. Mwaka wa 2020, uhuru ulipotimiza miaka 60, sherehe kubwa zilifutwa kwa sababu ya Covid-19, na raia waliombwa kukaa katika kutafakari. Siku ile mtoto aliyezoea kwamba uhuru ni defile alibaki na nini? Hakubaki na kitu. Desturi ya kweli haimalizwi na tangazo la radio. Inaishi ndani ya parsele, kati ya bibi na mjukuu.

2. Tunakunywa kusudi tusiseme

Nyuma ya defile, wakubwa wanaenda wapi? Kila mtu anajua. Nganda zinajaa, miziki inapigwa kwa bafle kubwa, na watoto wanaachwa mlangoni wakiangalia. Anayebahatika anapewa sukre moja na biskuti.

Mimi nafikiri pombe ile inafunika kitu. Sisi watu wa Lubumbashi hatupendi kuwaeleza watoto habari ya mwaka wa 1960, kwa maana habari yenyewe ni ngumu kwetu. Siku ya 30 mwezi wa sita, kule Leopoldville, Kasavubu ni rais, Lumumba ni waziri wa kwanza, na hotuba ya Lumumba mbele ya mfalme inasikika dunia nzima. Siku kumi na moja tu nyuma yake, tarehe 11 mwezi wa saba, hapa hapa, mji ungali ukiitwa Elisabethville, Tshombe anatangaza kwamba Katanga inajitenga. Siku ya 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 1961, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito wanauawa usiku katika pori, si mbali na mji wetu. Kujitenga kunakwisha mwezi wa kwanza mwaka wa 1963. Katika familia nyingi babu mmoja alikuwa upande huu, babu mwingine upande ule.

Basi tunanyamaza, na mtoto anakua akijua kwamba "trente juin" ni siku ya bia. Mwaka wa 2022, masalio ya Lumumba yaliporudishwa kutoka Ubelgiji, yalipitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, mbele ya kuzikwa Kinshasa siku ya 30 mwezi wa sita. Watoto wangapi wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi walielezwa na wazazi wao maana ya safari ile? Jibu tunalo wenyewe, na halitupendezi.

Tuhesabu pia miaka. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka wa 1960 sasa amepita sabini na tano. Wazee walioiona siku ile kwa macho yao wanapungua. Ikiwa hatuwakalishi mbele ya watoto sasa, tutawakalisha lini? Sherehe ya watoto kwa hiyo siyo mchezo tu. Ni mahali pa mwisho ambapo yule aliyeona anaweza kumwambia yule ambaye hakuona.

3. "Batoto banachafula"

Hapa ninafika kwenye kisingizio kinachopendwa kuliko vyote. Unaomba parsele ya kufanyia sherehe ya watoto, mwenye parsele anakunja uso: "Ee, batoto banachafula sana! Kesho njo nani atafagia?" Direktere wa masomo naye anasema vile vile. Hata kanisa linaogopa juu ya viti vyake.

Lakini tuulize vizuri: ni nani anayechafua? Angalia takataka za asubuhi ya tarehe moja mwezi wa saba. Utakuta sashe za maji, gobele za plastiki, chupa, makaratasi ya bomboni, vipande vya balo zilizopasuka, na krema ya gato iliyokanyagwa. Mtoto hakutengeneza hata kimoja katika vitu hivyo. Mkubwa ndiye aliyekwenda kuvinunua. Tunampa mtoto vitu ambavyo haviwezi kuisha bila takataka, kiisha tunamgombeza kwa sababu ya takataka. Na zile sashe, Leta yenyewe ilizikataza kwa dekreti ya mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2017, lakini zingali zinajaza mifereji yetu mpaka mvua ya kwanza inapofurika.

Bibi zetu walikaribisha watoto wengi kuliko sisi, na kiwanja kilibaki safi. Walifanya namna gani? Sahani ilikuwa jani. Kikombe kilikuwa kibuyu. Maganda yalikwenda kwa mbuzi au shambani. Na kufagia hakukuwa adhabu: kulikuwa kazi ya wote, mbele na nyuma. Usafi ule haukutoka Ulaya, ulikuwa desturi yetu. Kuuacha, kisha kusema kwamba watoto wanachafua, ni kuwasingizia.

4. Sherehe yenyewe: namna ya kuitayarisha

Kusudi mtu asiseme kwamba mwalimu anajua kulaumu tu, naeleza sasa namna ambayo wazazi wa avenue moja, au masomo moja, wanaweza kupanga alasiri ya watoto thelathini au arobaini.

Saa. Kuanza saa nane, kumaliza saa kumi na moja na nusu. Asubuhi waachiwe wenye defile. Mwezi wa sita jua linazama mapema na baridi inaingia haraka, kwa hiyo mtoto mdogo arudi nyumbani mbele ya giza.

Kiwanja. Huu ni wakati wa kiangazi, adui wa kwanza ni vumbi. Asubuhi kiwanja kifagiwe, kiisha kinyunyizwe maji kidogo. Saa sita tena kidogo. Mlangoni ziwekwe bidon ya maji yenye robine, sabuni na ndoo ya kupokea maji machafu. Hakuna mtoto anayeingia wala anayekula bila kunawa. Kolera inajulikana sana katika inchi hii, haiombi ruhusa ya kuingia katika sherehe. Pembeni viwekwe vikapu viwili: kimoja cha maganda na majani, kingine cha vitu vingine. Kile cha pili kikibaki karibu tupu, mjue mmefanya vizuri.

Chakula. Tuchague vinavyoliwa kwa mkono na visivyomwagika: viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, na hasa kikanda chetu, kinachokatwa vipande vigumu kama gato lakini hakiachi krema kwenye nguo. Kila mtoto apokee fungu lake juu ya jani la ndizi lililooshwa. Hakuna sahani ya kuosha, hakuna plastiki ya kutupa. Kwa kinywaji, munkoyo: uliopikwa vizuri, kwa maji yaliyochemshwa, na wa siku ile ile, kwa sababu ukilala unaanza kulewesha. Kila mtoto aje na kikombe chake kutoka nyumbani, jina limeandikwa juu ya kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa kikombe. Mtoto anayebeba kikombe chake hakitupi.

Michezo. Watoto wagawanywe kwa umri, siyo wote pamoja, sababu mkubwa humwangusha mdogo. Wasichana wanajua nzango: makundi mawili yanatazamana, wanaimba, wanaruka na kurusha mguu, na alama zinahesabiwa. Haitaki mpira wala kiwanja kikubwa. Wavulana wajifunze nao, hakuna sheria inayowakataza. Kuna kuruka kamba. Kuna kisolo, mchezo wa mashimo na mawe, unaomfundisha mtoto kuhesabu kuliko somo zima la ubao. Kuna mashindano ya vigari vya waya ambavyo watoto wenyewe wametengeneza juma lililotangulia. Vitu hivi havipasuki na haviachi karatasi. Mwisho wa siku mawe yanarudi chini na vigari vinarudi nyumbani.

Bendera. Wengine wanapenda kuwapaka watoto rangi usoni. Rangi inaharibu shati, na mama ndiye atakayelia na sabuni. Tukate vitambaa vya bluu, vyekundu na vya manjano, kila mtoto afunge kimoja kichwani. Kiisha waungane wapange bendera kwa miili yao: bluu ya amani huku na huku, wekundu wa damu ya mashujaa katikati kwa mshazari, manjano ya utajiri pembeni mwake, na mtoto mdogo kabisa asimame kwenye kona kama nyota. Aliyesimama ndani ya bendera hasahau rangi zake. Wimbo wa taifa nao wauimbe kisha waelezwe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Konstitusio ya mwaka wa 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Kwa nini basi mtoto aimbe maneno ya Kifaransa kama kasuku?

Vitendawili na mazungumzo. Saa kumi hivi, wote wakae chini juu ya mikeka, mbabula iwashwe katikati, na mkubwa mmoja awe mlinzi wake. Kwanza vitendawili, kwa makundi. Tusirudie vya zamani tu, watoto watunge vyao juu ya siku yenyewe. Mfano: "Ninatembea na nyota moja juu ya mbingu ya bluu, na barabara nyekundu imenikata tumbo." Jibu: bendera. Kiisha mzee mmoja, mume au mke, apewe dakika kumi za kueleza: siku ile ulikuwa wapi? Ulikula nini? Watu walisema nini? Asihutubu, aeleze. Watoto wamuulize maswali. Mwisho hadithi moja ya Kalulu. Katika makabila mengi hadithi ni za usiku, siyo za mchana. Heri, tuziweke jua linapoanza kuinama, na hakuna mzee atakayekasirika.

Kumaliza. Kufagia kuwe mchezo wa mwisho. Kila kundi lipewe kipande chake cha kiwanja, na kundi litakalomaliza la kwanza, pasipo kubakiza hata ganda moja la karanga, ndilo litakalobeba bendera kwenda kuishusha. Nani bado atauliza: "Kesho njo nani atafagia?"

5. Kwa wanaobisha

Wa kwanza watasema feza hakuna. Mimi nawaomba wahesabu kaziye za bia zitakazokunywewa katika avenue yao siku ile. Kila baba atoe bei ya chupa mbili tu. Viazi, karanga na mahindi ni mavuno yetu, sokoni Kenya vinapatikana, na katika mwezi wa sita mahindi na karanga vimekwisha kuvunwa. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama na kusema: "Tuanze."

Wa pili ni wale wanaosema kwamba vitendawili, ngoma na Kalulu ni mambo ya kishenzi, pengine hata ya uchawi. Mbele ya hao sina upole mwingi. Yesu mwenyewe alifundisha kwa mifano, na aliwaita watoto wadogo wamwendee. Sungura anayemshinda simba kwa akili siyo pepo. Ni somo la kwanza la uhuru kwa mtoto asiye na nguvu. Wanaoogopa Kalulu wanaacha televisheni ifundishe watoto wao usiku kucha bila hofu yoyote.

Wa tatu wanauliza: "Desturi ya kabila gani?" Hili ni swali la kweli, na katika mji huu ni swali lenye kovu. Tunakumbuka mwaka wa 1992 na wa 1993, majirani walipofukuza majirani kwa sababu ya kabila lao, na treni zilipojaa familia zinazorudi Kasai, watu waliozaliwa hapa. Kwa sababu ile ile nasema: watoto wacheze pamoja mapema. Mbemba alete mchezo wake, Mluba wa Katanga wake, Mluba wa Kasai wake, Mlunda, Msanga, Mlamba na Mchokwe vile vile, na Kiswahili kiwaunganishe. Mtoto aliyeshikana mkono na mwenzake katika nzango, na kula naye juu ya majani yaliyokatwa mgomba mmoja, itakuwa vigumu zaidi kumwambia kesho kwamba yule ni mgeni.

Wa nne, na hao ninawaheshimu, wanasema hakuna cha kusherehekea: vita mashariki, mishahara midogo, mashimo ya madini yanayomeza vijana. Ni kweli yote. Lakini mtoto hakuleta vita, na uhuru si mali ya wanaoutumia vibaya. Kumnyima siku yake kwa sababu wakubwa wameshindwa ni kumwadhibu mara mbili.

6. Tunachoomba

Basi tunaomba mambo machache na yanayowezekana. Madirektere waache watoto wa miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi nje ya defile. Kila masomo ifungue kiwanja chake alasiri ile, badala ya kukifunga kwa kufuli. Shirika letu la utamaduni na mengine kama hilo yaandike majina ya wazee wanaoweza kueleza habari ya mwaka wa 1960, katiye kwa katiye, kusudi waalikwe wangali hai. Na wazazi wa kila avenue wakutane mara moja, katikati ya mwezi wa sita, wagawane kazi: nani analeta majani, nani viazi, nani bidon, nani mbabula, nani anakaa na wadogo.

Mwenye nganda hatapoteza sana, atafungua mlango wake saa kumi na mbili badala ya saa nane. Masaa manne kwa mwaka mzima. Baba anayeona kwamba ni mengi aje awaeleze watoto wake mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini chupa yake haikuweza kungoja.